Nikiacha sigara ndo nabanwa zaidi, sasa moshi unanitibu au unaniua?

Shikamoo shangazi. Naandika toka huku Urambo, Tabora, jina naomba liwe kapuni mana huku kwetu ukikohoa tu mtaa wa pili wameshajua.

Mimi ni mkulima wa tumbaku, nina miaka 33, mke mmoja watoto wawili, ekari tatu na bani moja la kukaushia tumbaku liko nyuma ya nyumba. Pumu ninayo toka nikiwa darasa la tatu. Sigara nilianza nikiwa na 19 kwenye bani la baba mdogo, unajua ukikesha kuchochea moto saa nane usiku usingizi unakuvamia na wenzako wote wanavuta, sasa na mimi nikavuta na ndo ikawa hivyo mpaka leo. Kwa siku nilikuwa navuta 8 mpaka 10, nachukua zile za menthol mana naona zinafungua kifua, ukivuta unahisi kaubaridi kanashuka mpaka chini kabisa.

Sasa mwezi wa tano tulivyomaliza kukausha nikasema basi naacha. Nikaacha siku 11. Shangazi nilikohoa sijawahi kukohoa hivyo toka nizaliwe, makohozi mazito ya kahawia, silali, mama watoto halali pia, siku ya 12 nikaenda nyuma ya bani nikawasha moja tu, kikatulia. Yaani kikatulia kabisa. Nikajiuliza sasa mimi naacha dawa au naacha sumu? Nikamsimulia mdogo wangu yuko chuo, akanitumia kitu WhatsApp anasema kuna wataalamu walipulizia panya wenye aleji moshi wa sigara wakakuta zile chembe za aleji kwenye mapafu zimepungua. Na mzee mmoja jirani yangu akaongezea kwamba zamani hata wazungu walikuwa wanauza sigara za pumu madukani, na babu yake yeye alikuwa anavuta majani ya mnanaha akibanwa, na anapona.

Dawa ninazo. Pampu ya bluu, nanunua mpya kama kila mwezi na nusu. Ya kahawia nilipewa nikaitumia siku 5 sikuona kitu, ipo juu ya kabati. Na vidonge vya aminofilini nameza asubuhi na jioni.

Kingine, kijana wangu wa kwanza ana miaka 6, toka msimu huu uanze usiku anakohoa na kifuani kuna kamluzi kanalia akiwa amelala. Zahanati moja tumeenda mara tatu, mara zote tatu antibayotiki. Mama yangu anasema ni baridi, anampa asali na tangawizi. Mke wangu anasema ni mimi na sigara zangu. Sasa shangazi mimi ndani sivuti hata siku moja, navutia nje, nikimaliza ndo naingia nambeba mtoto nampeleka kulala. Marobota ya tumbaku tu ndo yapo chumba cha watoto, mwaka juzi tuliibiwa sasa naogopa kuyaacha nje.

Naomba unieleze ukweli, moshi unapunguza aleji au hapana? Na mtoto nimfanyeje? Na mama watoto anajua nimeacha kabisa, ile ya nyuma ya bani hajui (na sasa zimeshafika nne kwa siku), nimwambie au nikaushe?

Mkulima, Urambo

*

Marahaba mwanangu, na pole na kifua.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mana mimi nimezaliwa Sikonge, nimelala na marobota kichwani mpaka naolewa, baadae nikawa nesi miaka mingi tu wodi ya watoto na kliniki ya kifua. Kwa hiyo hapa sikusomei kitabu.

Tuanze na hizo siku 11, mana hapo ndo ulipotegwa. Ndani ya mirija ya hewa kuna vinyweleo vidogo sana, kwa macho huvioni, kazi yake ni kufagia makohozi na vumbi kupandisha juu kooni uteme au umeze. Moshi wa sigara unavilemaza, vinalala. Ukiacha kuvuta siku chache vinaanza kuamka na kufagia, na wewe una uchafu wa miaka 14 kule chini, sasa ulitegemea utoke kimya kimya? Yale makohozi mazito ya kahawia ndo takataka zenyewe zinatolewa nje. Kile kikohozi kinasumbua wiki kadhaa kwa watu wengi halafu kinaanza kupungua, wewe ukaishia ya pili.

Na ile moja ya nyuma ya bani ilikutuliza kweli, sikukatalii. Nikotini inapunguza kwa muda ile hisia ya kutaka kukohoa, na menthol yenyewe ni mwongo mkubwa, inagusa mishipa ya fahamu inayosikia baridi basi ubongo unaamini hewa imepita nyingi. Walishapima watu puani, mtu ananusa menthol anasema pua imefunguka jamani, kipimo kinaonesha hewa ni ileile. Sasa kifuani kwako unahisi kaubaridi mpaka chini, sawa, lakini unachovuta ni moshi uleule, tena kwa kuwa hauwashi koo unauvuta mpaka ndani zaidi na hustuki.

Nije kwa panya wa mdogo wako. Hajakudanganya, majaribio ya hivyo yapo. Ila angekutumia yote. Kuna maabara walipulizia panya moshi chembe za aleji zikapungua, na kuna maabara nyingine zikaongezeka, inategemea moshi umekuja lini, kabla panya hajapata aleji au baada, na kwa muda gani. Hata kwa binadamu kuna kitu kama hicho, mvutaji mwenye pumu ukipima makohozi yake wakati mwingine zile chembe za aleji zinazoitwa esinofili unazikuta chache kuliko za mwenye pumu asiyevuta, hata kile kipimo cha gesi ya naitriki oksaidi kwenye pumzi kinasoma chini. Mtu akiishia hapo atasema si unaona, sigara imetibu. Lakini endelea kusoma chini ya ukurasa. Mahali pa esinofili wamejaa askari wengine, nyutrofili, na hao dawa zetu za pumu haziwasukumi vizuri. Halafu ile ngozi laini inayofunika mirija kwa ndani imechubuliwa na moshi, ikichubuka inapiga kelele, inatoa vitu vya kuuita mwili uje kupigana, na ikishakuwa na nyufa vumbi na chavua na unyoya wa paka vinapenya kwa urahisi kuliko mwanzo. Makohozi yanaongezeka, mirija inazidi kuwa na hasira. Ndo mana mvutaji mwenye pumu anabanwa mara nyingi zaidi, analazwa zaidi na mapafu yanachoka haraka. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: chembe moja inaweza kupungua kwenye kipimo, ugonjwa unazidi.

Na mzee jirani nae hajasema uongo, nimecheka kidogo hapo. Ni kweli Ulaya na Marekani karne ya 19 mpaka ndani ya ya 20 ziliuzwa sigara za pumu, ila hazikuwa tumbaku! Nyingi zilikuwa za majani ya mnanaha huohuo aliokuwa anavuta babu yake. Mnanaha una kemikali za jamii ya atropini, kweli zinalegeza misuli ya mirija, na siku hizi kuna dawa ya hospitali ya ukoo huohuo inaitwa ipratropiamu, inapulizwa kwa kipimo. Shida ya mnanaha ni kwamba jani halina kipimo, leo umepona kesho unaongea na watu hawapo, kesho kutwa tunakuzika. Usijaribu. Na usichanganye mnanaha na tumbaku kwa sababu tu vyote vinatoa moshi.

Sasa hii ya kahawia uliyoiweka juu ya kabati. Hapa nakaa kidogo mana hapa ndo kuna siri yote.

Ya bluu, salbutamoli, inalegeza misuli iliyobana mirija, dakika chache umepata nafuu, basi. Uvimbe ndani uko palepale. Ya kahawia ni steroidi ya kuvuta, hiyo ndo inazima uvimbe, na haifanyi siku 5, inataka kila siku, wiki kadhaa, hata ukijisikia mzima. Kwamba hukuona kitu kwa siku 5 ni kawaida hata kwa asiyevuta. Ila wewe una la ziada: moshi unaharibu kazi ya hiyo dawa. Ndani ya chembe za mwili kuna kimeng'enya kinaitwa HDAC2, steroidi inakitegemea ili izime zile ishara za uvimbe, na moshi wa sigara unakipunguza nguvu. Dawa inaingia kifuani inakuta msaidizi wake hoi. Ni kama kupaka chokaa ukuta wenye masizi huku moto bado unawaka chini, utanunua ndoo ngapi?

Lakini ukiacha inarudi, na hii ndo nataka uibebe. Kule Glasgow, Uskochi, mwaka 2006 walitoa matokeo ya wavutaji wenye pumu, walioacha kwa wiki 6 tu kiasi cha hewa wanachoweza kutoa kwa sekunde moja kilipanda, wakawazidi wenzao walioendelea kuvuta kwa kama mililita 400. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, jaza mpaka pungufu kidogo ya shingo, uiangalie. Hiyo ni pumzi. Na walikuwa watu wachache kwenye utafiti ule sikufichi, ila mimi kliniki nimeyaona kwa macho.

Na hesabu ya bluu imenitisha. Chupa moja ni mikupuo 200. Kila mwezi na nusu ni chupa 8 kwa mwaka. Wataalamu wa pumu wanasema ukifika 3 kwa mwaka tayari uko kwenye hatari ya kubanwa vibaya, ukifika moja kila mwezi hatari ni ya kufa. Nenda hospitali uwaambie hesabu hiyo kama ulivyoniambia mimi, uwaulize kuhusu pampu yenye dawa mbili pamoja, budesonaidi na fomoterolo, siku hizi ndo inapendekezwa kwa watu wazima badala ya kutegemea bluu peke yake. Kama haipatikani basi ya kahawia kila siku, sukutua mdomo na uteme ukimaliza mana inaleta utando mweupe mdomoni.

Aminofilini nayo, sikiliza vizuri. Moshi wa sigara unafanya ini liichome haraka sana hiyo dawa, kwa hiyo mvutaji mara nyingi anapewa dozi kubwa. Ukiacha sigara ini linapunguza kasi, dawa inabaki nyingi kwenye damu kwa dozi ileile, unaanza kutetemeka, moyo unaenda mbio, kichefuchefu. Usije ukasema tena unaona, kuacha sigara kunaniua. Mwambie daktari tarehe unayoacha ili arekebishe dozi.

Tuje kwa kijana wetu, huyu ndo kanisumbua roho.

Wewe unasema huvuti ndani, na naamini. Lakini mwanangu ukitoka nje ukamaliza, pumzi zako za kwanza ukiingia bado zinatoa moshi, na jaketi, nywele, vidole, vyote vimebeba. Halafu unambeba, anaegemeza uso hapa begani kwenye jaketi, pua kwenye kola, mpaka anasinzia. Mtoto wa miaka 6 anavuta pumzi nyingi kwa dakika kuliko wewe na mirija yake ni myembamba, uvimbe kidogo tu njia imekwisha. Kisha anaenda kulala chumba cha marobota. Vumbi la tumbaku kavu linawasha kifua hata cha mkubwa, muulize yeyote aliyewahi kugredi, yaani kuchambua majani ya tumbaku, siku nzima. Na bani liko nyuma ya nyumba, linawaka kuni usiku na mchana karibu wiki nzima kwa mkupuo, na wewe mwenyewe umesema kikohozi kimeanza na msimu. Mkeo ana haki nusu, nusu nyingine ni bani na marobota. Sikwambii ung'oe tumbaku, najua ada na bati vinatoka humo. Ila marobota yahamie chumba chenu, watoto wahamie upande mwingine wa nyumba, leo, usingoje soko. Angalia upepo unapeleka wapi moshi wa bani, dirisha la upande huo lifungwe usiku wa kukausha, na mtoto asikae na wewe kwenye mdomo wa tanuru hata kama anapenda kuchoma viazi pale. Kitambaa usoni hakizuii zile chembe ndogo, kinazuia masizi tu.

Asali ya mama isiachwe, kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja inatuliza koo na asali ya miombo nani ataikataa, lakini haifungui mrija uliobana. Antibayotiki pia haifungui. Mpeleke hospitali ya wilaya wamsikilize kifua, useme neno mluzi, useme ni usiku, useme baba ana pumu. Na kwa kuwa kikohozi kimezidi wiki mbili waombe wapime na kifua kikuu, wewe pia, mana sigara inaongeza hatari ya TB.

Wakimpa pampu usikubali apulize moja kwa moja mdomoni, mtoto hawezi, dawa yote inaishia kwenye ulimi. Tengeneza chupa. Chukua ya maji ya plastiki nusu lita, pasha waya moto, choma kwenye kitako tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, liwe la kubana, ukibakiza upenyo ziba na gundi au plasta. Ioshe kwa maji ya sabuni uiache ikauke yenyewe bila kufuta, mana plastiki iliyofutwa inavuta dawa inaganda kwenye kuta. Tikisa pampu, ichomeke kitakoni, mtoto afunge midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, ahesabu pumzi tano sita za kawaida humohumo ndani. Ndo mkupuo mmoja huo. Unatikisa tena, unarudia. Huko Afrika Kusini walipima chupa za hivi mwaka 1999 wakalinganisha na vifaa vya kununua, zikafanya kazi vizuri vilevile, basi usione aibu nayo.

Akibanwa sana, mpe mikupuo minne ya bluu mmoja mmoja kwa chupa hiyo, subiri dakika chache, urudie mkiwa njiani. Mbavu zikizama akivuta pumzi, akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikiwa ya bluu, au akinyamaza akalegea na ule mluzi ukapotea ghafla, hapo usiseme kapona, hapo washa pikipiki.

Kuacha kwako sasa. Chagua tarehe kabla bani halijawashwa tena, sio katikati ya msimu. Kiu ya sigara inakuja kwa mawimbi, dakika tatu mpaka tano halafu inapita, ukiipata kunywa maji, tafuna karanga, zunguka bani. Usiku wa kuchochea ndo mtihani wako, badilishana zamu na mtu asiyevuta au mkubaliane anaevuta asogee mbali. Bazoka za nikotini zipo famasi za mjini Tabora wakati mwingine, ukipita uliza. Na ukikohoa siku ya 12, kohoa tu, unajua sasa ni nini.

Mwisho umeuliza umwambie mama watoto au ukaushe. Kausha tumbaku mwanangu, hili mwambie, tena leo kabla ya kulala, mana atakusaidia zile zamu. Wala usijipange sana kwa hotuba. Anajua. Lile jaketi anafua yeye.